Namna ya Kutengeneza Ampaw, Kitafunwa cha Wali Mkavu na Shira kutoka Cebu

Ampaw ni kitafunwa cha Ufilipino. Wali uliopikwa huanikwa mpaka ukauke kabisa, hukaangwa kwenye mafuta makali hadi punje zifure, kisha huchanganywa na shira nzito na kukatwa vipande. Mji unaotajwa zaidi kwa kitafunwa hiki ni Carcar, kisiwani Cebu, kilomita 40 hivi kusini mwa Cebu City. Wachuuzi wa pale huuza ampaw pamoja na chicharon, yaani ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakakamaa, na bocarillo, nazi iliyopikwa kwa sukari. Kwa Waswahili wanaoishi Muscat au Dubai haitakuwa vigumu kukutana nayo, maana Wafilipino wamejaa miji ile na maduka yao yanauza vitafunwa vya kwao.

Asili yake ni jikoni kwa watu wa kawaida. Mfilipino hula wali asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo wali wa kubaki ni jambo la kila siku. Sehemu hukaangwa na kitunguu saumu asubuhi, na sehemu huanikwa juani kwenye bilao, ambayo ni ungo wa mianzi, ikingoja siku ya kukaangwa.

Maelekezo mengi ya ampaw hukazania shira. Shira ina mambo yake, na nitayafikia, lakini anayeshindwa kutengeneza ampaw karibu kila mara amekwama kwenye kuanika. Wali ukikauka sawasawa, kukaanga ni kazi ya sekunde chache. Wali ukiwa bado na unyevu moyoni, hakuna shira itakayoficha punje ngumu zenye mafuta. Kwa hiyo usione ajabu nikikaa sana kwenye ungo.

Mahitaji

Kwa sinia moja la vipande kama 20:

Mchele mweupe gramu 400, sawa na vikombe 2.
Maji ya kupikia vikombe 3 na robo hadi 3 na nusu.
Mafuta ya kukaangia yaliyosafishwa kiwandani, lita 1.
Sukari ya kahawia gramu 300, au sukari guru kiasi hicho hicho.
Maji ya shira nusu kikombe.
Siki, au maji ya ndimu, kijiko 1 cha chai.
Chumvi nusu kijiko cha chai.
Siagi vijiko 3 vya mezani.

Ufilipino hutumia muscovado, sukari nyeusi isiyosafishwa ambayo visiwa vya Negros na Panay vinasifika nayo, na badala ya ndimu wana calamansi. Sukari guru yetu iko karibu sana na muscovado, kwa ladha na kwa tabia yake sufuriani. Ukitumia sukari nyeupe ampaw itatoka, ila itakuwa tamu tu bila harufu ile ya miwa.

Mchele upi? Wowote mweupe wenye punje nzima. Chenga hazifai, kwa sababu huungua kabla punje nzima hazijafura. Supa wa Kyela au pishori wa Mwea watafanya kazi vizuri, lakini binafsi naona ni israfu: harufu yao itapotea juani na kwenye mafuta, bora ukawapika ukala na mchuzi. Mchele wa bei ya kawaida unatosha. Mchele unaonata, ule Wafilipino wanaoutumia kwa vitamu vyao vya mchele kama biko na suman, uache kwa kazi hiyo, kwani punje zake hushikana na kuanika kwake ni adhabu.

Kupika wali

Osha mchele mpaka maji yaache kuwa meupe sana, uupike kwa maji matupu. Usitie tui, mafuta wala viungo. Wali wa nazi na pilau haviwezi kuwa ampaw, maana mafuta yaliyo ndani ya punje huzuia kukauka, kisha huchacha ukiweka akiba. Chumvi kidogo haina neno.

Wali uive kabisa mpaka kwenye kiini. Hapa wengine hudhani wali wa kiini kigumu utakauka haraka zaidi, na kweli utakauka, ila hautafura. Punje hufura kwa sababu wanga wake umeiva na kulainika kwa maji na moto, kisha ukakauka ukiwa katika hali hiyo. Ukitia mchele mbichi kwenye mafuta utageuka rangi na kuungua tu.

Ukishaiva, umimine kwenye chujio na uusuuze kwa maji baridi safi, ukizipitisha punje vidoleni taratibu. Shabaha ni kuondoa wanga wa juu unaozifanya zishikane. Uache uchuje vizuri kwa dakika 15. Ukoko uweke kando. Uliokauka na kuungua utaleta uchungu, na punje zake hazitoki moja moja.

Kuhusu kiporo, mila yenyewe ni ya wali uliobaki, na siipingi, lakini kuna sharti. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa saa nyingi mezani katika joto la kawaida, bakteria huyu huzaana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kukaangia. Kwa hiyo tumia kiporo kilichowekwa kwenye friji mapema jana yake, si kilicholala sufuriani usiku kucha. Kikiwa kimeanza kunata au kunuka uchachu, kitupe. Mimi ningepika wali mpya kwa ajili ya kazi hii, niuanze alfajiri, ili saa mbili asubuhi uwe juani.

Kuanika

Siku ya kwanza ndiyo yenye uzito. Tandaza wali kwenye ungo mpana, sinia au wavu safi, punje zikae tabaka moja tu. Ukiona punje zimepandana, tafuta ungo wa pili. Gramu 400 za mchele hutoa wali wa zaidi ya kilo moja, na wali huo unahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Funika kwa chandarua au kitambaa chepesi kuzuia nzi, na uweke mahali penye jua na upepo pamoja. Upepo unasaidia kama jua, wakati mwingine zaidi.

Kila baada ya saa moja pitisha mikono mikavu, tenganisha madonge, geuza punje. Madonge yakikauka yakiwa yameshikana hayaachani tena bila kuvunja punje. Kufikia alasiri ya siku ya kwanza, punje zinapaswa kuwa kavu kwa nje na kutoshikana mkononi. Kama jua limefichwa na wingu na bado zinanata, usizilaze hivyo. Zimalizie kwenye oveni jioni hiyo hiyo. Kabla umande haujaanguka, ingiza ungo ndani, na kesho utoe tena.

Kwa jua la kiangazi kazi huchukua siku 2 hadi 4. Wakati wa masika usijaribu kabisa kwa jua. Tumia oveni kwenye nyuzi 80 hadi 90, mlango umeachwa wazi upana wa kidole ili mvuke utoke, kwa saa 3 hivi, ukigeuza kila nusu saa. Mashine ya kukaushia matunda nayo inafaa, kwenye nyuzi 65 hadi 70.

Utajuaje zimekauka? Kwa macho, punje hupoteza weupe wa wali na kuwa ngavu, zikipitisha mwanga kidogo. Kwa sikio, ukitikisa ungo zinalia kwa ukali. Kwa meno, punje huvunjika mara moja bila kubonyea. Ila kipimo ninachokiamini zaidi ni mizani. Mchele mkavu wa dukani una unyevu wa asilimia 12 hadi 14 hivi. Wali wako ukikauka vizuri hurudi karibu na uzito ule ule ulioanza nao, pungufu kidogo kwa wanga uliosuuzwa na punje zilizobaki kwenye sufuria. Kwa gramu 400 za mchele, tafuta gramu 365 hadi 385. Ukisoma 450, bado kuna maji ndani hata kama punje zinaonekana kavu kwa nje.

Unaweza pia kukausha kupita kiasi, jambo linalotokea zaidi kwenye oveni. Ule unyevu mdogo uliobaki ndio unaogeuka mvuke na kuipanua punje. Usipokuwepo, punje huungua ikiwa imefura nusu.

Kama hutaki kukaanga leo, wali huu mkavu hukaa miezi kwenye chombo kinachofungwa vizuri. Hapo ndipo penye manufaa hasa: unaanika mwingi jua likiwa kali, unakaanga kidogo kidogo mwaka mzima.

Kukaanga

Tayarisha kila kitu kabla ya kuwasha moto, maana ukianza hutapata nafasi ya kutafuta chujio. Unahitaji karai lenye kina, chujio la waya lenye mkono mrefu linaloingia ndani ya karai, sinia lililotandikwa karatasi za kufyonza mafuta, na mfuniko wa karai uwe karibu.

Mafuta yasizidi nusu ya karai. Joto linalotakiwa ni nyuzi 200 hadi 210, juu ya lile la kukaangia maandazi au samaki. Ndiyo maana nimesema mafuta yaliyosafishwa. Ufilipino ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa mafuta ya nazi, lakini mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi, kabla hayajafika joto tunalolihitaji. Mafuta ya nazi yaliyosafishwa, ya alizeti au ya mawese yaliyosafishwa yanavumilia.

Kama huna kipimajoto, tupia punje tano. Zikizama na kukaa chini, subiri. Zikifura na kuelea ndani ya sekunde 3 hadi 5, zikabaki nyeupe au rangi ya malai, mafuta yako tayari. Zikiwa kahawia papo hapo, punguza moto. Punje hizi tano pia ni mtihani wa mwisho wa kuanika: zikielea bila kufura, au zikafura nje na kubaki jiwe katikati, zima moto na urudishe wali juani kwa nusu siku. Hutapoteza chochote ila subira, wakati ukikaanga wote hivyo umeupoteza wote.

Sasa tia robo kikombe cha wali mkavu ndani ya chujio na ulizamishe. Povu litapanda kwa nguvu, ndiyo sababu ya kuacha karai nusu tupu. Korogea punje ndani ya chujio kwa kijiko. Ndani ya sekunde 5 hadi 10 zote zitakuwa zimefura na kelele ya mafuta imepungua. Inua mara moja, tikisa, mimina kwenye sinia. Usisubiri rangi ya dhahabu karaini. Punje huendelea kuiva sekunde chache baada ya kutoka. Acha mafuta yarudie joto lake kabla ya fungu linalofuata, kwani mafuta yaliyopoa hutoa ampaw inayonyonya mafuta.

Mafuta ya nyuzi 200 si ya kuchezewa. Watoto wakae mbali, na kama yakiwaka, zima jiko na ufunike karai. Usimwagie maji hata tone.

Mwishoni utakuwa na vikombe 7 au 8 vya punje zilizofura. Zipepete kwenye ungo kuondoa zilizogoma kufura, maana moja tu inatosha kuvunja jino la mgeni. Kisha ziweke kwenye oveni yenye joto dogo, au karibu na jiko. Ziwe na uvuguvugu wakati shira inamiminwa. Zikiwa baridi, shira huganda ilipoangukia kabla hujaikoroga.

Shira

Anayejua kupika visheti anajua shira inayorudi kuwa sukari nyeupe juu ya unga. Kwenye visheti hilo ndilo tunalolitaka. Kwenye ampaw ni kasoro: shira ibaki ngavu na ishike punje, isiwe chengachenga za sukari. Kazi hiyo inafanywa na siki au ndimu. Asidi pamoja na moto huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo mbili huizuia iliyobaki isigande kwa punje. Muscovado na sukari guru zina sukari za namna hiyo tayari, kwa hiyo hukosea mara chache kuliko sukari nyeupe. Lakini usiongeze siki ukidhani ni heri: ikizidi, ampaw hunyonya unyevu wa hewa na kunata siku ya pili.

Weka sukari, maji, chumvi na siki kwenye sufuria nzito. Koroga kwa moto mdogo mpaka sukari iyeyuke yote. Kama ni sukari guru, chuja kwa kitambaa hapa, kwa sababu mara nyingi huwa na vijiti na mchanga. Rudisha motoni, ongeza moto, na kuanzia sasa acha kukoroga. Punje za sukari zilizoshika ukingoni mwa sufuria zifute kwa brashi iliyoloweshwa maji.

Unatafuta nyuzi 125 hadi 130. Hesabu hiyo ni ya pwani. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 na kitu, kwa hiyo toa nyuzi 5 kwenye kipimo cha shira: 120 hadi 125. Kigali iko juu karibu kiasi kile kile, ifuate hesabu hiyo. Usipofanya hivyo utapata ampaw ngumu kupita kiasi na kulaumu sukari. Njia isiyojali mwinuko ni ya bakuli la maji baridi. Dondosha tone la shira majini, ulikusanye kwa vidole: likifanya gololi ngumu inayokaa na umbo lake ukiitoa nje, toa shira motoni. Gololi ikibonyea yenyewe, ongeza dakika moja au mbili. Ikilia na kuvunjika, umechelewa. Ongeza vijiko 2 vya maji kwa uangalifu, ichemke upya.

Ukishaitoa motoni, tia siagi, izungushe mpaka iyeyuke.

Kuchanganya na kukata

Hapa una dakika tatu au nne. Paka siagi sinia la sentimita 20 kwa 30, au utandike karatasi ya kuokea. Mimina shira kwa mstari mwembamba juu ya punje za uvuguvugu ndani ya bakuli kubwa, huku ukigeuza kwa miiko miwili kutoka chini kwenda juu. Usiponde. Kila punje ikishang'aa, mimina kwenye sinia.

Sambaza na ubonyeze kwa mwiko uliopakwa siagi mpaka unene wa sentimita 2 na nusu. Ukibonyeza sana unapata tofali. Ukibonyeza kidogo vipande vinamong'onyoka mkononi. Bonyeza hadi punje zigusane, basi. Usitumie mikono mitupu dakika za mwanzo, shira inaunguza kuliko maji yanayochemka na haitoki kwenye ngozi.

Baada ya dakika 10, ikiwa bado ina joto, kata vipande vya mraba kwa kisu kirefu kilichopakwa mafuta, ukikishindilia chini badala ya kukivuta. Ukingoja ipoe kabisa itavunjika hovyo. Wanaopenda maumbo ya mviringo, mipira ya ukubwa wa ndimu, husubiri shira ipungue ukali, wakapaka mikono siagi na kufinyanga haraka.

Karanga zilizokaangwa au ufuta vinaingia vizuri pamoja na shira, nusu kikombe kinatosha. Siku hizi wengi hutumia mchele uliofurishwa kwa mashine, ambamo mchele hupashwa moto katika chombo kilichofungwa kisha shinikizo likaachiwa ghafla. Unapatikana pia dukani kama nafaka ya asubuhi. Unaokoa siku nne, na kwa sherehe ya watoto mia sitakulaumu. Ila haina ule mkakamao wa kukaangwa, na ladha ya wali wenyewe inakuwa hafifu.

Kuhifadhi

Adui sasa ni hewa yenye unyevu. Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ampaw iliyoachwa wazi asubuhi inaweza kuwa imelegea jioni. Ikishapoa kabisa, ifunge vipande viwili viwili kwenye mifuko ya plastiki, uiweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Usiifunge ikiwa ya moto, mvuke wake wenyewe utailegeza. Ikihifadhiwa hivyo hukaa wiki mbili hadi tatu bila shida. Baada ya hapo mafuta huanza kuchacha kabla sukari haijaharibika.

Iliyolegea haijafa. Ipange kwenye sinia, oveni nyuzi 120 kwa dakika 8 hadi 10, uitoe na uiache ipoe bila kuigusa. Itatoka laini, usiogope. Mkakamao unarudi ikishapoa.